Mteja wa Nyuma ya Ua

Ting.

Sauti moja tu, gizani, juu ya meza. Bhoke alikuwa ndiyo kwanza anatafuta kiberiti awashe taa. Hakuitazama simu. Alitazama kitanda.

Mtoto akaanza kulia.

"Nyar Kuria," mama mkwe wake, Roselyn, aliita kutoka jikoni, "hiyo simu yako ndiyo inamfinya mjukuu wangu?"

Mwanzoni ulikuwa utani. Jioni hii Roselyn aliusema bila kucheka.

Nyar Kuria, yaani binti wa Ukuria: Bhoke alikuwa ametoka huko, upande wa mpakani kule Migori, akaolewa huku ziwani, karibu na Mbita. Mumewe, Frankline, alikuwa kwenye machimbo ya Osiri akichimba dhahabu. Yeye alibaki na mtoto, na mama mkwe, na biashara ya omena, dagaa wa ziwani, kwa simu. Wateja wake hawakuwahi kumwona uso. Walinunua kwa kusoma maoni ya wenzao, na ndiyo maana alikuwa ametega mtambo mdogo ndani ya simu: malipo yakiingia, ujumbe unatoka wenyewe.

*Mpendwa fulani, asante kwa kununua Omena ya Bhoke. Tupe nyota, moja hadi tano. Je, kuna kilichokosekana?*

Pale penye fulani, mtambo ulijaza jina la aliyelipa. Asiyejibu aliulizwa tena jioni iliyofuata, na iliyofuata, hadi ajibu. Hilo Bhoke alilichagua mwenyewe. Aliona ni bidii.

Na majibu yalikuja. Mama mmoja wa Homa Bay aliandika: "Omena tamu, lakini huo mchanga mnaupima pamoja?" Bhoke alicheka peke yake, akaanza kuziosha mara mbili.

Kisha yakaingia malipo yasiyo na jina.

Pakiti moja. *Nitachukua mwenyewe.* Alama ya mahali alipo mteja ilianguka nyuma ya boma lao, ng'ambo ya ua wa minyaa, pale ambapo Roselyn alimkataza kuanika omena siku ya kwanza alipofika. Bhoke alidhani ramani imekosea. Aliacha pakiti langoni. Mvua ilinyesha. Asubuhi pakiti haikuwepo, na matope yalikuwa laini, bila unyayo.

Mtambo haujui haya wala hofu. Ukauliza.

*Mpendwa       , asante kwa kununua...*

Pengo. Jioni ile ndipo mtoto alipoanza kulia. Jioni iliyofuata mtambo uliuliza tena, naye akalia tena. Tena. Na tena. Zahanati hawakuona ugonjwa. Lakini titi alilikataa, na utosi wake ulikuwa umebonyea kama kikombe.

Kanisani alikuwa amebatizwa Lynnet. Jina la ukoo hakuwa nalo bado. Kwa hiyo Roselyn alifanya kama watu wa ziwa wanavyofanya mtoto akilia hivyo: alimwinua, akamtajia wafu wa nyumba ile, mmoja baada ya mwingine. Anayetaka kurudi kwa jina lake, mtoto hunyamaza akimsikia. Alimtaja babu. Akawataja mashangazi. Akamtaja hata mke mwenza aliyegombana naye maisha yake yote.

Mtoto alilia juu ya majina yote.

"Yamekwisha, Mama?"

"Yamekwisha." Lakini macho yake yalikuwa uani.

Sasa Bhoke aliichukua simu. Safari hii mtambo haukuwa ukiuliza.

Mteja alikuwa amejibu.

Nyota moja.

Chini yake: *Mnaniuliza kila jioni. Hamniiti.*

Harufu ikaingia chini ya mlango. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi... na omena mbichi.

Akauzima mtambo. Simu ikaandika kwamba huduma imefungwa.

Ting.

*Mpendwa       , je, kuna kilichokosekana?*

Maneno yake mwenyewe. Yakimrudia.

Nje, nyuma ya nyumba, kitu kikakwaruza minyaa. Kwaru... kikanyamaza. Kwaru... polepole, kama mtu anayepapasa ukutani akitafuta mlango aliokuwa akiujua.

Roselyn alikuwa amesimama kizingitini, mwiko wa ugali mkononi. Alisogea, akaisoma simu. Mwiko ukaanguka.

"Mama," Bhoke alinong'ona. "Nani amelala huko nyuma?"

"Usiniulize, nyathina, mwanangu."

"Mtoto anaisha. Mwangalie."

Kwaru.

Roselyn aliketi kitandani. "Binti yangu," alisema. "Dada mkubwa wa Frankline. Alikufa kabla hajaolewa. Huku kwetu msichana kama huyo hazikwi ndani ya boma. Tulitoboa ua, tukampitisha hapo, hata langoni hakupita. Tukaziba. Na jina tukaliacha huko huko."

"Mtaje."

"Nikimtaja, ataingia."

"Na asipotajwa?"

Roselyn alimtazama mtoto, utosi ule uliobonyea, ukipiga, ukipiga.

"Hujui unachoomba," alinong'ona. "Alikuwa mkali, huyo. Siku tuliyotoboa ua niliapa mbele ya wazee kwamba mdomo wangu hautamwita. Unadhani amesahau? Mimi ndiye mama yake, na ndiye niliyeziba tundu."

"Atamdhuru?"

"Sijui." Machozi yalimshuka bila sauti. "Kama alikuja kunitafuta mimi, sijui."

Kukwaruza kukakoma.

Bhoke alisikia minyaa ikivunjika, tawi moja, mawili, kisha hatua laini zikivuka ua wa ndani, zikipita jikoni, zikisimama nyuma ya mlango. Harufu ya udongo ikajaa chumba. Hakuna aliyebisha hodi.

Alimweka mwanawe mikononi mwa Roselyn.

"Mama. Tafadhali."

Roselyn aliinamisha kichwa hadi midomo ikagusa sikio la mtoto. Akavuta pumzi.

Na mtoto akanyamaza.

Kabla ya jina. Alinyamaza ghafla, akageuza shingo ambayo bado haikuwa na nguvu ya kugeuka, akamkazia bibi yake macho makavu, yenye subira, macho ya mtu aliyengoja siku nyingi nje kwenye mvua. Bhoke alitaka kusema, basi, Mama, acha, usimwite.

"Akeyo," Roselyn akasema.