Picha Zangu Kwenye Duka la Watu

Soko la Suva, kule Fiji, siku ya Jumamosi halina adabu. Vasemaca alikuwa na robota la nguo za magome ya miti begani, gauni lake jekundu limelowa mvua, mtu alipompamia na robota likaangukia magimbi ya watu.

"Samahani, dada! Hebu nikushike."

"Shika mzigo. Mimi niache."

Kijana akacheka. Alikuwa Isikeli, mtengeneza tovuti, shati la maua na sabuni inanukia. Aliposikia kwamba Vasemaca huzichora nguo zile mwenyewe na kuwauzia maharusi mtandaoni, akaomba namba ya simu. Miezi miwili baadaye hawakulala bila kuitana kipenzi.

Ila tovuti ya Vasemaca ilimnyima raha. Kila mwezi ilizimika kabla ya tarehe ishirini, na maharusi wa Sydney wakahamia kwingine. Kazi ile aliachiwa na marehemu mama yake. Hakuwa tayari kuiona inakufa.

"Kuna duka la mtandaoni linavuta picha zako," Isikeli alimwambia baada ya kukagua. "Hawajazinakili. Mtu akifungua ukurasa wao, picha inatoka kwako. Wao wanajipamba, mgao wako wa data wa mwezi ndio unaoisha."

"Duka gani?"

"Niachie mimi, mpenzi."

Wiki ikapita kimya. Vasemaca akaitafuta mwenyewe orodha ya waliozivuta picha, akakuta anwani ya duka, akaifungua. Nguo zake hizo, zinatangaza vitambaa vya kiwandani! Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Imetengenezwa na Isikeli.

Akampigia Isikeli simu.

"Ulijua?"

"Kipenzi, nisikilize. Mwaka jana mwenye duka alinipa anwani za picha, nikazibandika bila kuuliza. Nimegundua wiki iliyopita tu, nilipokagua tovuti yako."

"Juzi ulikuwa hapa unakula samaki wangu! Mbona hukusema?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Basi umenipoteza."

Alilia, kisha akanawa uso akakaa mbele ya kompyuta. Siku tatu alisoma namna ya kuuamuru mtambo wa tovuti yake utoe picha kwa kurasa zake tu. Mara ya kwanza alisahau kuitaja tovuti yake, akajifungia nje mwenyewe. Mara ya pili ikakubali. Duka lile halikupewa tena picha za nguo; kila palipokuwa na picha, palitokea maneno aliyoyaandika yeye: "Nguo hii nimeichora mimi, Vasemaca. Hapa haiuzwi."

Kufikia Ijumaa duka lilikuwa limeziondoa picha zote, na tarehe ishirini ilipita tovuti ikiwa hai.

Jumapili baada ya ibada Isikeli alikuja na mjomba wake, wote wamevaa sulu nyeusi, zile sketi rasmi za wanaume wa Fiji. Wakaketi mkekani, mjomba akamwekea baba yake Vasemaca jino la nyangumi, ambalo kimila huombea radhi na hata huposea, akaomba radhi kwa niaba ya kijana. Mzee akalipokea, akapiga makofi matatu ya kimila, kosa likazikwa.

Vasemaca akamfuata Isikeli mlangoni. Alikuwa amemkumbuka mno, na hasira haikuwa imeisha.

"Kazi ya duka lile nimeiacha," Isikeli alisema. "Baba kanisamehe. Na wewe je?"

"Nimekusamehe. Ila usijidanganye umemaliza."

"Bado nini tena, mpenzi?"

"Jino la leo ni la kosa. Mwambie mjomba atafute la pili, la kunioa."