Kikokotoo Kilichojibu Jumatano

Jumanne, saa mbili asubuhi, mzee alifungua kabati la mbao ili akipanguse kikokotoo chake kabla watu wa makumbusho hawajaja kukichukua. Alikuta kitambaa kitupu. Kufuli lilikuwa zima.

Mpelelezi alifika saa tatu na nusu. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza.

"Shikamoo, mzee. Hicho kikokotoo kinafanya nini hasa?"

"Marahaba. Unakipa tarehe yoyote ya zamani, kinakwambia ilikuwa siku gani ya wiki, na kwa kalenda yetu ingekuwa lini. Nilikiunda mwenyewe ujanani."

"Ulikiona lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi."

"Na ufunguo?"

"Mmoja ninao. Wa akiba uko kwenye msumari jikoni, anautunza mpishi."

Basi askari wa zamu aliokuja nao wakaanza na mpishi. Mkoba wake ulimwagwa barazani, majirani wakichungulia juu ya ukuta. Kulikuwa na kitana, miwani na nusu mkate. Mpwa wa mzee, mtengenezaji wa programu za simu, alisimama mlangoni akitazama viatu vyake.

"Miaka kumi na mmoja nimepika humu," mpishi alisema, akivua aproni. "Mtakapomaliza kunitafuta, niko kwangu."

Mshukiwa wa pili alikuwa muuza vitu vya kale, aliyewahi kumbembeleza mzee mara tatu amuuzie. Mpelelezi alimkuta dukani, katikati ya saa za ukutani.

"Tangu Jumamosi niko hospitali na mama yangu, afande, nimerudi asubuhi hii. Waulize wauguzi. Halafu kitu kile kipo kimoja tu duniani. Nikikiiba nitamuuzia nani?"

Wauguzi walithibitisha. Mpelelezi akarudi kwa mzee, akafunga mlango wa sebule.

"Tukikipata, nitajuaje ni chenyewe?"

Mzee akashusha sauti. "Kina kosa. Zamani sana, kalenda ilipobadilishwa, zilirukwa siku kumi. Watu walilala tarehe nne Oktoba, wakaamka tarehe kumi na tano. Ukikiuliza siku mojawapo ya zile zilizorukwa, kingepaswa kukataa. Lakini nilikosea nilipoandika maagizo kwenye kumbukumbu yake ya ndani. Kinajibu Jumatano. Uliza yoyote kati ya hizo, ni Jumatano tu. Ndiyo maana sijawahi kumruhusu mtu akibonyeze. Hata marehemu mke wangu sikumwambia."

Alasiri mpelelezi alikwenda kwa mpwa kuomba picha za kikokotoo azisambaze. Kijana alimpa picha, na kwa fahari akamwonyesha programu yake: kikokotoo kile kile kwenye kioo cha simu, vitufe vyake vya rangi ya maziwa, hata mlio wake.

"Kitawekwa makumbusho kando ya chenyewe. Nimekikamilisha jana."

"Ulikifungua cha mjomba wako ukaona kilivyo?"

"Thubutu. Hata kukigusa hataki. Nimetumia picha, na kanuni za kalenda ziko vitabuni."

"Naweza kujaribu?"

Aliingiza tarehe kumi Oktoba, mwaka ule wa mabadiliko. Kioo kikaandika: JUMATANO. Akajaribu tarehe saba. JUMATANO.

Akanyamaza. Kijana hakuuzoea ukimya.

"Kuna nini, afande?"

"Jibu hili halimo kwenye picha wala kwenye kitabu chochote. Limo ndani ya kikokotoo tu. Twende kwa mjomba wako. Njoo nacho."

Kijana alikitoa chini ya kitanda, kimefungwa kwenye taulo. Sebuleni alikiweka mezani, akasema bila kuinua macho.

"Nilichukua ufunguo Jumapili, nilipokuja kula. Kumbukumbu ya kikokotoo inafifia, mjomba. Makumbusho wangekifungia kwenye kioo mpaka kife, na hakuna ambaye angejua kilivyokuwa kinafikiri. Nilikuomba mara ngapi? Nilitaka nikirudishe jana usiku, nikakuta umelala na mlango umefungwa."

Mzee alikigeuzageuza kikokotoo. "Umeisoma yote?"

"Yote."

"Ulipofika kwenye zile siku kumi, ulifikiri nini?"

"Kwamba nimekosea mimi. Nilirudia kutwa nzima. Mwisho nikaona kama ndivyo ulivyotaka, basi na kibaki hivyo."

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akakaza uso.

"Hili mimi na wewe tungelimaliza. Lakini asubuhi ulisimama pale mlangoni, mama wa watu anamwagiwa mkoba, na jibu unalo mdomoni. Afande aandike anachopaswa kuandika. Wewe anza na yule mama."

Jioni mpishi alimsikiliza kijana akiwa wima mlangoni, bila kumkaribisha.

"Mimi nimesikia," alisema kijana alipomaliza. "Sasa wale majirani waliochungulia ukutani."

Akajifunga khanga, akatangulia kumwonyesha njia. Alibisha hodi nyumba ya kwanza, akasogea pembeni, akamwachia kijana nafasi ya kuzungumza.