Chumba cha Kusikilizia

Kila siku saa kumi jioni, akishatoka shule na kuosha vyombo, Nyanjige alikuwa na kazi ambayo watoto wengine wa mtaa wao pale Bariadi mjini hawakuwa nayo. Aliingia na baba yake kwenye chumba cha kusikilizia, akafunga mlango, wakasikiliza.

Baba yake, Mwalimu Maganga, alifundisha kwaya miaka mingi kabla presha ya macho haijampofusha. Macho yalikwenda, masikio yakabaki, na masikio yale yalisifiwa kuanzia mjini hadi Ngulyati. Kwaya ikirekodi wimbo, humletea kwanza kwenye fleshi. Atasikiliza mara moja na kusema, "Kuna mtu wa sauti ya pili ameshuka ubeti wa tatu," na kweli ameshuka. Nyanjige alichomeka fleshi, akawasha kompyuta na kuandika baba anachosema.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo. Kuta za saruji, juu bati, ukipiga kofi moja unarudishiwa matatu. Msimu wa pamba ulipofika, baba aliamua kukituliza. Fundi seremala alimtengenezea fremu nne za mbao. Mama, anayeitwa Apolonia, akazijaza pamba na kuzishonea kitambaa cha gunia. Zikawa paneli nne za kufyonza sauti.

"Kwa nini tusijaze ukuta mzima?" Nyanjige aliuliza siku ya kuzifunga.

"Ukiweka pamba kila mahali chumba kinakufa, wimbo unasikika kama mtu anaimba ndani ya blanketi," baba alimjibu. "Paneli chache zinatosha. Mbili zitakaa kwenye kona nyuma ya spika, huko ndiko sauti nzito hujificha. Mbili zitakaa kuta za pembeni, pale sauti inapogonga kabla ya kunifikia sikioni."

"Hapo pa kugonga tutapajuaje?"

"Kwa kioo. Sauti hudunda ukutani kama mwanga unavyodunda kwenye kioo. Wewe kaa kwenye kiti changu. Mimi nitakitembeza kioo ukutani. Ukiiona spika ndani ya kioo, sema. Macho ni yako, mwanangu."

Ukuta wa kulia ulikwenda vizuri. Baba alipapasa ukuta kwa mkono mmoja, kioo mkono wa pili, hatua kwa hatua, mpaka Nyanjige alipoiona spika katikati ya kioo na kusema, "Hapo." Baba akapiga misumari. Walipohamia ukuta wa kushoto, wasichana wa mtaani wakaanza kuita nje, "Nyanji! Njoo, rede imeanza!"

Rede tamu, jamani. Kioo hakijasogea hata hatua mbili, Nyanjige akasema, "Hapo, baba! Naiona!" Alichokiona ndani ya kioo kilikuwa komeo la dirisha. Baba hakuuliza mara mbili. Aligongelea paneli palepale kwa misumari ya inchi nne, na kabla nyundo haijawekwa chini, binti alishafika uwanjani.

Wiki mbili baadaye Mwalimu Bujiku, aliyefundisha kwaya ya watoto kanisani, alileta fleshi yenye sauti tano. Watoto watano waligombea kuimba solo kwenye tamasha la Mwanza. Kila mmoja alirekodiwa peke yake, akapewa namba badala ya jina, ili mtu asiseme kuna upendeleo. Mwalimu Maganga ndiye angechagua, na kila mzazi alikubali.

Sauti ya tatu ilipoanza, Nyanjige aliitambua kwa neno la kwanza. Ilikuwa ya Joyness, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Sauti nyembamba, ya juu, ambayo kanisani hutuliza hata watoto wachanga. Lakini mle chumbani ilikuwa na ukali, kama sufuria imeanguka jikoni, na maneno yalipandana.

Baba alikunja uso. "Huyu anapiga kelele. Andika: namba tatu, hapana."

Kalamu ilimwia nzito Nyanjige. "Baba, labda turudie."

Walirudia. Baba alipiga kofi moja kupima mwangwi, akageuza sikio upande wa kushoto. "Kuna kitu kinanirukia kutoka huku. Paneli ya kushoto, spika uliiona vizuri?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lingetosha. Lakini Nyanjige aliogopa, na mtu akiogopa huokota lile neno lililo karibu. "Niliiona, baba."

"Basi ni yeye. Chumba hiki nimekitengeneza ili kisinidanganye. Andika."

Akaandika kwa mkono wake mwenyewe: namba tatu, hapana.

Tangu siku hiyo hakuwa na pa kupumulia. Shuleni alimkuta Joyness amevimba macho. "Mwalimu Maganga hakosei," Joyness alisema. "Basi mimi siwezi kuimba. Nimemwambia mama naacha kwaya." Nyanjige angesema nini? Akisema ukweli, baba atajua amedanganywa na mwanawe wa kumzaa, tena mara mbili. Akinyamaza, Joyness anaacha kwaya. Kila upande aliogeukia alikuta ukuta.

Mchana mmoja baba alipolala, aliingia chumbani kimyakimya kuisogeza ile paneli. Aliivuta, haikutikisika hata kidogo. Kung'oa misumari ile kulihitaji nyundo, na nyundo ingemwamsha baba. Alibaki amesimama mle ndani, joto limemzidi, kipande kitupu cha ukuta, pale paneli ilipopaswa kuwa, kikimtazama. Jioni alishindwa kula. Mama akamshika paji la uso na kusema hana homa. Laiti ingekuwa homa.

Jumamosi Mwalimu Bujiku alirudi. "Mwadila, mayu," alimsalimia mama kwa Kisukuma, kisha akaingizwa chumbani. Alikaa kwa wasiwasi wa mtu anayekuja kumpinga mkubwa wake.

"Mwalimu Maganga, shikamoo."

"Marahaba. Sema, Bujiku."

"Uniwie radhi. Yule namba tatu, nilimrekodi mwenyewe. Pale kanisani alikuwa safi. Waimbaji wenzake pia wanashangaa."

Baba aligusa sikio lake la kushoto. Kisha alisema taratibu, "Na mimi nimekuwa nasikia mambo nisiyoyaelewa humu ndani. Sauti za juu zinanichoma. Labda masikio nayo yanazeeka. Macho yalianza hivihivi, kidogo kidogo." Akapapasa mezani mpaka akaipata fleshi, akamsogezea Bujiku. "Chukua. Mtafute mtu mwingine wa kuwachagulia, mimi basi."

Nyanjige, aliyekuwa ameketi kwenye kompyuta, aliinuka. Hakuwahi kumsikia baba akisema "basi", hata mwaka ule alipopoteza macho.

"Si masikio yako, baba!" aliangua kilio. "Ni mimi! Ile paneli ya kushoto, sikuiona spika. Niliona komeo la dirisha. Nilitaka kwenda kucheza rede. Uliponiuliza tena nikadanganya tena. Masikio yako mazima, baba. Mazima kabisa."

Baba hakufoka, na afadhali angefoka. Aliinua tu mkono na kusema, "Lete nyundo. Na kioo."

Waling'oa misumari. Nyanjige alirudi kwenye kiti, baba akaanza upya kukitembeza kioo kutoka kona, kidogo kidogo, naye Nyanjige hakupepesa macho. "Bado. Bado, baba. Sogea. Bado." Kioo kikapita pale paneli ilipokuwa, kikaenda hatua tatu zaidi. "Hapo. Spika ipo katikati, yote." Bujiku mwenyewe akapiga misumari.

Kisha wakasikiliza sauti zote tano tangu mwanzo. Namba tatu alipoimba, ule ukali haukuwepo. Kila neno lilifika limesimama peke yake. Baba aliinamisha kichwa hadi wimbo ukaisha.

"Huyu ndiye," alisema. "Hata hana mshindani. Bujiku, waambie wazazi mimi nilikosea, chumba changu hakikuwa sawa."

"Mwalimu, kosa si lako."

"Chumba ni changu. Ila kwa huyo namba tatu ataenda aliyefanya."

Nyanjige alikwenda kwa miguu yake, akamwambia Joyness yote mlangoni kwao. Joyness alimsikiliza, kisha akamsukuma kifuani kwa nguvu. "Siku nne nimelia, Nyanji! Siku nne, na wewe unaniangalia!" Akaufunga mlango. Baada ya kitambo akaufungua tena. "Solo nitaimba," alisema kwa hasira. "Wewe sijakusamehe. Labda wiki ijayo."

Nyanjige aliporudi alimkuta baba uani. Akasimama mbele yake, hakujua aweke wapi mikono. "Baba, utaniamini tena?"

"Keti hapa, ng'wanawane, mwanangu wewe." Akamvuta karibu. "Hatua tatu tu za ukuta. Ulitaka kuokoa dakika tano, nani angedhani zitamliza mtoto wa watu na kunifanya mimi nitilie shaka masikio yangu? Kazi ya uvivu huwa haikai pale ulipoiacha, hutembea ikamwangukie mtu mwingine. Na uongo wa pili ndio ulioniuma zaidi, maana nilikufungulia mlango utoke, ukakataa."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Na kuhusu kukuamini, nitakuamini leo hii, na kesho pia. Asiyeona akiambiwa 'kanyaga hapa', hukanyaga, hana namna nyingine ya kuishi. Kukuamini ni kazi yangu, Nyanjige. Kunifanya nisijute, hiyo ni kazi yako."