Soya Iliyokosa Usiku

Mke wa fundi umeme alifungulia kuku, kisha akaenda kuangalia soya yake nyuma ya banda. Mistari ya mbali ilikuwa imejaa maganda. Ile ya karibu na banda ilikuwa na majani tu, mabichi na manene.

Mumewe hakujiuliza mara mbili. "Mbegu za mama yako hizo. Msimu ujao tunanunua nyingine."

Maneno hayo yalimuuma. Mama yake alizichambua mbegu zile kwa mkono, na macho yenyewe hayaoni vizuri. Angemwambiaje kwamba zimekataliwa?

Jioni jirani yao alipiga hodi. Alikuwa mtafiti wa nyota katika kituo cha mlimani. Alizunguka weee, mwisho akasema shida yake: taa ya banda ilimwaga mwanga angani usiku kucha, na nyota hafifu hazikuonekana.

Fundi alikuwa mtu wa kupitiliza. Kuku wake walipoibiwa, alifunga pale bandani taa ya kumulika uwanja wa mpira.

"Shemeji, nyota haziibiwi," alisema. "Kuku wanaibiwa."

Jirani alicheka. Kisha akaiangalia soya, akauliza kama mistari isiyozaa ndiyo inayomulikwa.

Mke wa fundi alishtuka. Ndiyo hiyo hasa.

"Mwenzangu anayechunguza mimea alinieleza," jirani alisema. "Soya huhisi urefu wa giza kwa majani yake. Ikipata usiku mrefu, hutoa maua. Ikimulikwa usiku kucha, huendelea kuota majani tu."

"Kwa hiyo mbegu ni nzima?"

"Nzima kabisa, dada. Kwani kule mbali ulipanda mbegu gani?"

Zilikuwa hizo hizo. Fundi akainua macho kuitazama taa yake.

Kesho yake alipanda ngazi. Akabadilisha taa, akaweka ndogo. Akaivisha kofia ya bati, akaielekeza chini, mlangoni mwa banda. Akafunga na kifaa cha kuiwasha mtu akipita tu. Kuku hawakuibiwa tena, na jirani alishukuru kwamba giza limerudi upande ule.

Msimu uliofuata walipanda mbegu zile zile. Soya ilizaa mpaka ukutani mwa banda. Mke wa fundi alijaza mfuko wa kumpelekea mama yake, lakini mumewe akaupokea.

"Niache nimpelekee mwenyewe," alisema. "Nilizisema vibaya mbegu zake. Nataka kumwomba radhi mkwe wangu."