Sifuri Moja Kwenye Tanuri

Mwalimu mstaafu wa fizikia kila asubuhi alikunywa chai huku akibishana na redio. Mtaani walimwita Kichwa, na jina hilo lilimkaa vizuri. Mkewe alifinyanga vichujio vya maji. Kituo cha afya kiliagiza arobaini, maana watoto wa mtaa wa pili walikuwa wanaharisha kwa maji machafu.

Kichwa akajitolea kumtengenezea tanuri la umeme. Aliandika programu kwenye kompyuta, nayo ikamwambia koili mbili za kupasha joto zinatosha. Wapi! Tanuri liliwaka siku nzima, vichujio vikatoka vibichi. Ukivitia maji, vinamong'onyoka.

"Udongo wako mbovu," Kichwa alimwambia mkewe.

"Udongo huu nimeutumia miaka kumi na miwili, baba watoto," mkewe akajibu, akaondoka. Siku hiyo hakumsemesha tena, na Kichwa moyo ulimuuma.

Jirani yao, binti fundi wa programu, aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Kichwa akamwita. Binti akasoma programu mstari mmoja mmoja.

"Mwalimu, hii namba ya kukokotoa joto linalotoka kwenye kitu cha moto, umeitoa wapi?"

"Kichwani. Nimeifundisha miaka thelathini."

"Basi umeongeza sifuri moja baada ya nukta. Programu inadhani joto hilo ni dogo mara kumi."

Kichwa akazihesabu sifuri kwa kidole. Akarudia.

"Namba kama hizi usiziandike kwa mkono," jirani akasema. "Zina maktaba yake humu kwenye kompyuta, mkusanyo wa namba zilizo tayari. Zimekaguliwa na wataalamu wengi. Wewe unaandika jina tu, programu inachukua namba yenyewe. Na kipimo chake kipo, kisome. Hii inataka joto la kelvini, si la selsiasi."

"Hapo siwezi kukosea."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini soma."

Akasoma. Wakafuta namba ile, wakaandika jina. Programu ikasema koili tano. Zikafungwa, na Ijumaa vichujio vikatoka vigumu, ukivigonga vinalia. Maji yakapita polepole, yakatoka safi.

Kukosolewa na mwanafunzi Kichwa alikuvumilia. Kazi ilikuwa kumfuata mkewe uani.

"Udongo wako haukuwa na kosa," alisema. "Nilikusingizia. Nisamehe, mama."

Mkewe akampa kapu la kwanza la vichujio.

"Kituo cha afya wanavingoja. Beba, ukawaambie mwenyewe kwa nini tumechelewa."

Akavibeba vyote arobaini, na akawaambia.