Chupa ya Tatu ya Makohozi

Kila asubuhi Wakana aliamshwa na kikohozi cha babu yake. Babu alikohoa, akashika ukingo wa meza, akakohoa tena, na makohozi yakagoma kutoka. Kisha alivuta bakuli lake la supu ya soya na kutabasamu kinyonge.

"Leo yamenishinda tena, mjukuu wangu."

Wakana alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipofika shuleni alivua viatu vya nje, akavaa vya ndani, akaenda moja kwa moja chumba cha sayansi. Dirishani zilipangwa chupa tano za makohozi bandia. Daktari Iwakura wa maabara ya mjini aliyapika kwa ute wa tumbo la nguruwe na chumvi, yakavutika kama ya kifuani, ila hayana ugonjwa. Kila chupa ilitiwa maji ya chumvi ya kipimo chake. Wakana na rafiki yake Ritsuko walidondosha ushanga na kuhesabu sekunde mpaka ugote chini. Ukishuka upesi, makohozi yamelainika. Kipimo kitakachoshinda ndicho Daktari atakachoendelea kukichunguza, kwa ajili ya watu kama Babu. Kwa siku sita chupa ya tatu iliongoza.

Siku ya sita jioni, saa ya wanafunzi kufanya usafi, Wakana alibaki peke yake akipangusa dirisha. Kitambaa kikanasa chupa ya tatu. Pwaa! Makohozi yote sakafuni.

Alipiga deki upesi, akaficha chupa tupu mkobani. Nyumbani, Bibi alikuwa amekuna kiazi kikuu cha kumwagia wali. Uji wake mweupe ulivutika vilevile! Wakana akachota, akachuja kwa kitambaa, akajaza chupa.

Kesho yake, chupa ikiwa imerudishwa dirishani, Ritsuko alihesabu mpaka akachoka. "Mia moja na ishirini! We, ushanga umelala njiani!" Akasogeza pua. "Halafu mbona yananukia chakula? Nani kaleta wali?"

Wakana alicheka kicheko kikavu.

Daktari Iwakura alikuja mchana, akaipitia karatasi yao ya hesabu. "Namba tatu nilikuwa naitegemea," alisema polepole. "Basi, tuiache." Akachukua kalamu, akaanza kuikata kwa mstari.

Wakana akakisikia kikohozi cha Babu kana kwamba Babu amesimama nyuma yake.

"Daktari, usikate!" Machozi yakamtoka. "Hayo si makohozi. Ni kiazi cha Bibi. Nilimwaga, nikaogopa."

Ritsuko alishika mdomo. "Ndiyo maana nikasikia njaa!"

Daktari hakucheka. Aliiweka kalamu chini, akavuta kiti, akaketi. "Asante kwa kuniambia kabla sijaondoka. Lakini siku sita zimepotea. Chupa ya tatu itaanza upya, na utahesabu wewe."

Wakana akainama. "Nitahesabu, Daktari. Samahani sana."

Siku kumi mfululizo aliwahi kabla ya kengele. Nyumbani aliungama kwa Bibi, na Bibi akamkabidhi kikunio. "Basi leo kiazi kikune wewe, mwizi wangu." Akakuna mpaka mikono ikamwasha.

Siku ya kumi, ushanga uligota chini kwa sekunde tisa. Hakuna chupa iliyoukaribia mwendo huo. Daktari akaizungushia duara namba tatu.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Kumwaga kila mtu humwaga, mimi nimevunja chupa nyingi kuliko nyinyi. Makohozi haya ni ya bandia, lakini hesabu zake lazima ziwe za kweli, kwa sababu kifua kinachozingoja ni cha mtu. Kosa likisemwa, hurekebishwa. Likifichwa, hulipiwa na mgonjwa asiyejua lolote."

Asubuhi iliyofuata Babu alikohoa kama kawaida. Wakana akamsugua mgongo.

"Safari bado ndefu, Babu," alisema, "lakini njia hatujaipoteza."