Matawi ya Kitonga

Saa nne asubuhi jongoo wa tisa alianza kuteremka mlima Kitonga: malori kumi na mawili yaliyofuatana kwa karibu, bila mtu hata mmoja ndani yake. Hayakufungwa mnyororo. Yaliunganishwa na ishara zisizoonekana, hata la mbele likikanyaga breki, la mwisho linakanyaga papo hapo. Ndiyo maana watu wa njia ile wakayaita jongoo. Yalibeba shaba ya Lubumbashi, zaidi ya tani mia tatu, na akili unde iliyoyaongoza iliitwa Utingo. Jina lilianza kama mzaha wa madereva waliopunguzwa kazini: utingo gani huyu anayempora dereva wake usukani?

Kule Mbeya, katika Chumba cha Macho cha kampuni ya Tandaa, mhandisi Atupele Mwambungu alimfuatilia jongoo huyo kwenye ukuta wa vioo. Tangu asubuhi kiti chake kilikuwa cha kuwekea koti tu. Hii ilikuwa siku ya thelathini, siku ya mwisho ya majaribio. Tandaa ilikuwa tayari inasafirisha mizigo Tanzania, Zambia na Kongo. Angola, Namibia, Botswana na Msumbiji zilikubali kuifungulia mipaka kwa sharti moja: majongoo wote waende siku thelathini bila mkono wa binadamu kuwagusa. Mkono ukigusa mara moja, kibali hakuna, na bila kibali Tandaa yenyewe haikuwa na miezi mitatu ya kuishi. Zilibaki saa mbili.

Mkurugenzi Semboja aliingia akiwa amevaa tai ya sherehe. Alisema ameanza kujifunza Kireno, ameshajua kuomba wali na kuku, na kwamba Luanda hawatamlaza njaa. Vijana wa zamu wakacheka. Atupele hakucheka. Alikuwa ameona tawi.

Lilikuwa tawi bichi, limelala upande wa kushoto wa barabara. Sauti ya Utingo ikatoka ukutani, tulivu kama kawaida yake.

"Takataka laini. Naendelea."

Likapita tawi la pili. Vikonyo vya yote mawili vilielekezwa porini.

Mtu yeyote aliyekulia kando ya barabara kuu anajua maana ya matawi hayo: mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo. Malori mapya hutangaza mahali yalipo kwa ishara, ila gari la zamani halina ishara, lina matawi tu. Na Utingo aliwahi kuyajua. Mzee Luhende, dereva mkongwe, aliendesha miaka miwili na kamera kichwani ili mashine ijifunze kwake, na somo aliloling'ang'ania ni hilo. Tawi lililoanguka hulala ovyo, alikuwa akisema. Lililowekwa lina mpangilio.

Utingo alilijua somo nusu. Kule Mikumi tembo wakivunja miti alisimama kwa kila kijiti, majongoo wakachelewa, Semboja akapandisha sauti. Ijumaa moja Atupele akaandika mstari mmoja: matawi ni takataka laini, pita. Alikusudia kuurekebisha Jumatatu. Jumatatu ilikuja na mambo yake.

"Takataka laini. Naendelea."

La tatu. Mbele kulikuwa na kona, na kona imezibwa na mwamba. Jongoo mwenye mzigo ule, kwenye mteremko ule, alihitaji mita mia tatu ili asimame. Atupele akafunua kifuniko cha kitufe chekundu cha kumsimamisha jongoo.

"Atu," Semboja akasema polepole. "Toa mkono hapo."

"Kuna gari nyuma ya kona, bosi."

"Utingo angeliona."

"Haoni. Mwamba umelificha."

"Ni majani, Atu. Watu elfu moja wanakula kwa kampuni hii, na wewe unaogopa majani?"

"Yamepangwa," akasema, akabonyeza.

Breki za malori kumi na mawili zikalia kwa pamoja. Moshi wa matairi ukafunika kioo. Jongoo akakata kona akiserereka, na moshi ulipopungua, hatua nane mbele ya lori la kwanza palikuwa na gari kuukuu lililosheheni nyanya za Ilula, mawe yamewekwa kwenye matairi. Chini yake ilitokeza miguu miwili yenye kandambili.

Miguu ikajivuta. Akatoka mzee mwenye grisi hadi kwenye nyusi, spana mkononi. Hakuonekana kushtuka. Alilisogelea lori la kwanza, akaligonga usoni kwa bapa la spana, kama mtu anayemkaripia mwanafunzi.

"Umechelewa kukanyaga, Utingo. Nilikufundisha utulie tangu tawi la kwanza."

Atupele akafungua kipaza sauti cha lori. "Shikamoo, Mzee Luhende."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Atupele, baba. Wa Mbeya."

"Aa, mwalimu mwenzangu." Mzee akacheka.

"Baba, unalalaje chini ya gari bila hata mtu wa kukulindia barabara?"

"Wa nini? Mashine si nimeifundisha mwenyewe? Hata wenzangu nimewaambia, hadi Kasumbalesa kule mpakani Kongo. Wekeni matawi, mlale chini ya gari kwa amani."

Atupele akatazama ukuta. Majongoo arobaini walikuwa bado njiani katika nchi tatu.

Semboja naye alikuwa amesikia. Akasogea, akamnong'oneza kwamba hili moja linafichika, watasema Utingo kasimama mwenyewe, mzee ndiye shahidi na anaamini hivyo. Mstari utarekebishwa jioni, kibali kikishasainiwa. Saa mbili tu, mama, akasema. Saa mbili.

Atupele akaona wanaume wamelala chalichali chini ya injini, kutoka Mikumi hadi Kolwezi, matawi yao yamepangwa vizuri. Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe kikubwa, kile cha kuwasimamisha wote. Taa za kijani ukutani zikaanza kuwa nyekundu, moja baada ya nyingine. Semboja akalegeza tai, akakaa kwenye kiti chenye koti.

"Mwanangu, upo?" mzee aliuliza. "Nipisheni nimalizie kukaza nati zangu, nyanya zinaiva juani."

"Baba, usirudi chini ya gari." Akakisogelea kipaza sauti. "Utingo hakusimama. Nimemsimamisha mimi. Matawi niliyafuta miezi minne iliyopita."

Mzee Luhende aligeuka, akayatazama matawi yake kule juu, lililo karibu zaidi limesagwa na matairi. Kisha akaketi barabarani, akajifuta grisi kwenye suruali, akatoa simu.

"Ngoja," akasema. "Niwapigie kwanza walio chini ya magari."